Nakala ya Alhamisi

Jumatatu, 3 Machi

Naliomba radhi daftari hili. Miezi kumi na moja sijaligusa. Sikuugua, sikusafiri. Sikuwa tu na jambo lililostahili wino. Leo ninalo, na nisipoliweka hapa nitalitoa mbele ya watu, kwa maneno niliyowakataza wanafunzi kwa miaka thelathini na sita.

Kitabu chetu kimeibwa kabla hakijawa kitabu.

Kitabu cha kusoma cha darasa la nne. Masomo ishirini na manne. Miaka miwili ya kazi ya ofisi yenye watu sita. Hakijaenda kiwandani, michoro ya masomo matatu haijakamilika, na asubuhi hii mchapishaji amempigia mkurugenzi simu – kitabu kinauzwa steshenari, kimetobolewa na kubanwa kwa waya wa plastiki kama ripoti ya mkutano.

Mkurugenzi alituita chumbani kwake. Huyu nilimfundisha darasa la sita na la saba. Dawati la mbele, mwandiko mbovu. Kila siku huinuka ninapoingia. Leo hakuinuka. Alisema tumepewa wiki mbili: tumtaje aliyevujisha, tuonyeshe jinsi tulivyoziba, la sivyo mkataba unavunjwa. Mkataba ukivunjwa ofisi inafungwa, kwa sababu hatuna kazi nyingine mezani.

Kisha akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye mhariri mkuu. Faili zote hupita mikononi mwako. Hili nakuachia."

Nimelipokea. Mtu huyo nitampata. Na nikimpata sitamhurumia.

Jumanne, 4 Machi

Fundi wa mtandao amekuja. Mtu mnene, mcheshi kupita kiasi, anatafuna karanga akiwa kazini. Aliuliza seva iko wapi. Tulimwonyesha: chini ya meza ya chai, na juu yake chupa ya chai. Akaiinua chupa, akaitazama alama ya duara iliyobaki, akanitazama mimi, akaiweka chupa sakafuni.

Akabonyeza, akasoma, akaanza kucheka peke yake. Nikamwuliza kinachomchekesha.

"Mzee, watu wote humu wanaingia kwa jina moja. Jina ni 'ofisi'. Neno la siri ni 'ofisi'. Hapa kila mtu ni kila mtu."

"Kwa hiyo nani amenakili faili?"

"Ofisi."

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Niliuliza kwa sauti ni nani aliyeweka utaratibu wa kipuuzi namna hii. Mpanga kurasa wetu – mwanamke mtulivu, hukaa siku nzima bila kusema maneno ishirini – akasema, macho yakiwa kwenye skrini yake, kwamba zamani kila mtu alikuwa na jina lake, ila mimi nilikataa kukariri neno jipya kila mwezi.

Ni kweli, nilikataa. Nilisema ofisi si mchezo wa mafumbo. Lakini hilo halikumpa mtu yeyote ruhusa ya kuiba, na sikupenda alivyolisema mbele ya fundi.

Nikamwambia fundi ninachotaka: watu waweze kusoma faili, wasiweze kuzinakili. Basi. Ombi la sentensi moja.

"Haiwezekani, mzee. Anayeweza kusoma anaweza kunakili. Nikimfungia kila tundu, ana simu. Atapiga picha skrini."

"Basi wewe kazi yako hapa ni nini?"

"Kumsumbua. Na kuhakikisha kwamba akifanya, unajua ni yeye."

Nimekasirika hadi sasa. Naambiwa nimlipe mtu ili awe msumbufu.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbili za kazi. Nimeandika kwa mkono, kwenye karatasi ya mistari, orodha ya wote wenye uwezo wa kuigusa folda ya kitabu. Nimemwandika hata mkurugenzi. Mbele ya kila mmoja nimeweka haki yake: huyu asome tu, huyu aandike masomo yake tu, huyu asifungue kabisa. Fundi ameyahamishia yote kwenye seva. Kila mtu sasa ana jina lake na neno lake la siri, na kila faili ikifunguliwa au kunakiliwa, seva inaandika nani na saa ngapi.

Baadaye amepita kila kompyuta akifunga matundu ya flashi. Alipofika kwangu nikamwambia aliache langu.

"Kwa nini, mzee?"

Nikamweleza. Miaka mitatu iliyopita seva ilikufa na kuzika kazi ya miezi minne. Tangu hapo, kila Alhamisi saa kumi na nusu jioni, nanakili folda nzima kwenye flashi yangu. Naitia mfuko wa shati, nafika nayo nyumbani, naiweka kwenye droo ya kabati la sebuleni, pembeni ya miwani ya akiba. Sijakosa Alhamisi hata moja. Hata nilipokuwa na homa nilikuja saa kumi na nusu, nikanakili, nikarudi kulala.

"Hilo nalo ni tundu, mzee."

"Hilo ni bima."

"Sawa, Mzee Nukta."

Yuko hapa siku ya tatu tu, na ameshalijua jina wanalonisema nalo nikiwa sipo. Kumbe ofisi hii huvujisha kila kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempata.

Niliagiza kila mtu alete kompyuta yake ya nyumbani na aifungue mbele yangu. Wawili walinung'unika. Wakazileta. Kwenye ya mpanga kurasa, katika folda aliyoiita "kazi", nikakuta Somo la Tano lote, na michoro yake.

Nikamwuliza limefikaje pale.

"Nililinakili mwenyewe, Mwalimu. Mwezi wa kwanza, wiki ile ya umeme kukatika. Ulisema unataka kurasa Jumatatu saa mbili, na ulisema hutaki kusikia habari za umeme. Nikazimalizia nyumbani kwa dada yangu, kwao umeme ulikuwepo."

"Uliomba ruhusa?"

"Ulikuwa umeshafunga mlango."

"Nimeuliza kama uliomba."

"Sikuomba."

Mara tatu nilimwuliza ni nani mwingine aliyeigusa kompyuta ile. Mara tatu akasema hakuna. Naye anakaa mtaa uleule wenye steshenari hiyo. Hakulia, hakubishana. Alifunga kompyuta yake polepole, akaitia katika mfuko wake wa kitambaa.

Nimeandika ripoti, ukurasa mmoja na nusu. Nimeisoma mara tatu. Haina kosa hata moja.

Jumatatu, 10 Machi

Amesimamishwa kazi. Mkurugenzi amenishukuru mbele ya wote. Ripoti imekwenda kwa mchapishaji leo leo.

Alipokuja kukusanya vitu vyake nilikuwa mezani. Kikombe. Sweta. Picha ya mama yake. Kisha akaja kwangu na rula ya chuma, ile niliyomwazima siku aliyoanza kazi, miaka mitano iliyopita. Nilikuwa nimeshaisahau. Akaiweka mbele yangu, sambamba na ukingo wa meza, kama ninavyopenda mimi.

"Ahsante kwa kuniazima, Mwalimu."

Nilipoingia chumba cha chai watu walinyamaza. Nilipotoka nikasikia mmoja akisema kwamba Mzee Nukta ameshaweka nukta yake, sasa tumpishe ageuze ukurasa. Vicheko vya chinichini.

Wacheke. Mwizi aliyetulia bado ni mwizi.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda steshenari mwenyewe. Nilitaka kukiona kwa macho yangu.

Chumba kimoja, mashine mbili za fotokopi, joto la karatasi. Mwenye duka, mtu wa makamo, miwani kichwani, alinipokea kama mkwe.

"Shikamoo mzee. Karibu. Mjukuu yuko darasa la ngapi?"

"La nne."

"Basi una bahati. Hiki hapa bado hakijatoka."

"Kama hakijatoka, kimetokaje?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Mzee una maneno wewe. Kimekuja moja kwa moja kutoka kwa waandishi. Ungoje wao wachapishe, mjukuu atakuwa ameshaoa."

"Waandishi gani?"

"Siri ya kazi hiyo, mzee. Lakini ni watu wa uhakika, wazee wa lugha. Humo ndani hukuti kosa."

Nilisimama nikiuziwa kitabu changu, kikisifiwa kwa kazi yangu, na mtu aliyekiiba. Akanishauri nichukue viwili, kimoja mtoto atakichana. Nimechukua kimoja.

Alhamisi, 13 Machi

Nilikisoma leo mezani, baada ya chakula cha mchana. Nilichukua kalamu nyekundu kwa mazoea tu.

Somo la Kwanza: "Fundi Saa Anachelewa."

Niliufunga ukurasa. Nikaufungua tena.

Niliandike hili taratibu, nisijidanganye. Hadithi ya fundi saa anayechelewa kila mahali ni Somo la Tisa. Imekuwa la tisa tangu mwanzo. Iliwahi kuwa la kwanza kwa siku moja. Alhamisi, tarehe 20 Februari, wenzangu walikuwa mkutanoni kwa mchapishaji, nami nilibaki peke yangu. Nikafikiri: tuanze kwa kicheko. Nikaihamisha saa tisa. Saa kumi na nusu nikanakili folda. Nikafunga ofisi kwa ufunguo wangu. Ijumaa nilifika wa kwanza, nikaona maneno yake ni mazito mno kwa somo la kufungulia, nikairudisha mahali pake kabla mtu yeyote hajavua koti. Sikumwambia mtu. Hapakuwa na la kumwambia.

Mpanga kurasa hakuwepo. Wiki ile alikuwa hospitalini na mama yake, kuanzia Jumatano hadi Jumatatu. Ruhusa yake niliisaini mimi.

Kitabu chenye fundi saa mwanzoni kimewahi kuwepo mahali pawili tu. Kwenye seva, usiku mmoja, ofisi ikiwa imefungwa. Na kwenye flashi yangu.

Saa kumi na nusu ilipofika niliitoa flashi mfukoni. Nilisimama nayo mbele ya tundu pekee lililo wazi katika ofisi nzima. Sikunakili. Ni Alhamisi ya kwanza kuikosa kwa miaka mitatu.

Ijumaa, 14 Machi

Nyumbani tuko wawili tu. Mimi na binti yangu.

Anasimamia mitihani shuleni kwake, atarudi kesho. Sina la kuandika.

Jumamosi, 15 Machi

Alikuwa anapiga pasi nilipomwuliza. Ni mwalimu kama mimi, wa darasa la nne, shule ya serikali. Amerudi kukaa nami tangu mama yake afariki.

"Umefungua droo yangu."

"Ndiyo, baba. Nilikuwa natafuta gundi." Pasi haikusimama. "Nikaona flashi. Nilitaka kuona tu unachoandika siku zote hizi."

"Ukaona."

"Nikaona. Baba, nina watoto sitini na wanane na vitabu vinne. Wanasoma kwa zamu. Mmoja anashika kitabu, kumi na sita wanatazama shingo yake. Nikapeleka flashi steshenari, nikatoa nakala za darasa langu, nikairudisha kwenye droo kabla hujaamka kutoka usingizi wa Jumamosi. Basi."

"Basi? Kinauzwa mji mzima."

Hapo ndipo alipoiweka pasi pembeni. Alisema mwenye duka alimwuliza kama anaweza kubaki na faili, isije ikahitajika nakala nyingine. Yeye alikuwa na haraka. Akasema sawa.

Sawa. Neno moja.

"Kwa nini hukuniomba?"

"Ungekataa."

"Ningekataa kabisa."

"Unaona?"

Nilimwambia mengi. Nilitumia sauti ambayo sijaitumia tangu alipokuwa msichana. Nilimwambia ni wizi, na kwamba mtu asiye na hatia amefukuzwa kwa ajili yake. Alinisikiliza hadi mwisho, kama nilivyomlea. Kisha akauliza:

"Nani alimfukuza, baba?"

Nguo iliyokuwa mezani ilikuwa shati langu la kazini. Lile lenye mfuko.

Jumapili, 16 Machi

Nimeitoa ile orodha yangu ya wenye uwezo wa kuigusa folda. Nimehesabu. Watu watano. Ofisi ina watu sita.

Nilimwandika mkurugenzi. Sikujiandika mimi. Wala haikunijia. Niliziba tundu la kila mtu nikabaki na langu, nikaliita bima, na fundi aliniambia nikamwona mjinga. Hasira niliyokuwa nayo wiki mbili hizi inatafuta pa kwenda, na kila njia inarudi kwangu.

Nimeandika ripoti mbili. Ya kwanza inasema: flashi yangu, uzembe wangu, ikatoka nyumbani kwangu. Inaishia hapo. Ya pili inasema ilitoka kwa mkono wa nani. Mwalimu wa serikali akitajwa katika ripoti ya namna hii hupelekwa mbele ya kamati, na kamati hizo nazijua. Nimekaa katika mbili.

Binti yangu amezikuta mezani pamoja na ile orodha. Amezisoma zote akiwa amesimama. Akasema nisiipeleke ile ya kwanza.

"Mchapishaji atauliza ni nani wa nyumbani. Usiponitaja wataona unaficha, na yule mwanamke atabaki na jina baya. Niandike, baba. Usiniache nje kama ulivyojiacha wewe."

Akaenda jikoni. Nikamsikia akiosha chombo kimoja kwa muda mrefu sana.

Jumatatu, 17 Machi

Niko kwenye benchi la ukumbini, nje ya chumba cha mkurugenzi. Naandika juu ya goti. Mwandiko huu ningeutia alama za chini.

Niliingia asubuhi. Aliinuka. Nikamweleza yote isipokuwa jina. Alisikiliza, akaenda kufunga dirisha, akarudi.

"Mwalimu, ripoti yako imewaridhisha. Wameisifu hata lugha yake. Wanathibitisha mkataba wiki hii."

"Ripoti ile ni ya uongo."

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Basi si uongo, ni kosa. Nikirudi kwao leo nikasema aliyevujisha ni mhariri mkuu, yule yule tuliyempa kazi ya kuziba, watatuamini nini tena? Tutafunga. Wote sita." Akashusha sauti. "Na huyo wa nyumbani, Mwalimu. Una binti mmoja tu."

Akasema mpanga kurasa bado ana umri na ana ufundi mikononi, atapata pengine. Kwamba atakuja saa tisa kusaini barua ya kuachishwa. Kwamba mimi niende nyumbani, nipumzike, haya yatapita.

"Nilikufundisha miaka miwili," nikamwambia. "Hilo sikukufundisha."

"Ulinifundisha kuandika barua isiyo na kosa, Mwalimu." Akainyanyua ile barua ya kuachishwa kutoka mezani. "Hii hapa. Haina."

Alikuwa sahihi. Haikuwa na kosa. Niliisoma yote, na kwa muda ambao naona haya kuutaja, nilitafuta.

Sikuenda nyumbani. Saa tisa kasorobo mpanga kurasa amepanda ngazi. Sweta lile lile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Ameketi upande wa pili wa benchi. Aliuliza kama nami nimeitwa. Nikasema nimejileta. Nikamwuliza hali ya mama yake. Akasema anaendelea, sasa anakaa bila kushikwa. Nimeitoa rula ya chuma mkobani, nimeiweka kwenye benchi kati yetu. Ameitazama. Hajaigusa.

"Hiyo ni yako, Mwalimu."

"Nilikuazima vibaya, ningekupa kabisa," nikasema.

Ripoti zote mbili ziko mfukoni mwa shati, mahali pa flashi. Ndani nasikia kiti kikisogezwa. Atasema aingie mmoja tu, namjua. Nitainuka mimi. Ni karatasi ipi itakayotoka mfukoni bado sijui, na mtu wa umri wangu alipaswa kujua.

Kitasa kinazunguka. Nalifunga daftari. Litafunguka tukishajua ni nani kati yetu aliyeshuka ngazi hizi na barua.